Ram ya 3200 inasoma 2400, nimepigwa?

SWALI: Fundi habari za saizi, niko Nachingwea naediti video za harusi. Nina Dell ya mezani ya i5-7500, ilikuja na ram moja ya 8GB kasi 2400, juzi nikaagiza nyingine 8GB ya 3200 toka Dar. Task Manager inaandika 2400, afu CPU-Z (programu ya kukagua vifaa vya kompyuta) ndo balaa, inasema 1197! Nimeuziwa feki?

JIBU: Hujapigwa mdogo wangu. Tuanze na hiyo ya CPU-Z maana ndo inayowatoa watu jasho, hata hapa Mtwara mjini naletewa kesi hiyo hiyo. Ram za DDR zinapitisha data mara 2 kwa kila pigo la saa, CPU-Z inakuonesha pigo lenyewe, sasa we zidisha 1197 kwa 2 unapata kwenye 2400 huko, yaani hizo programu mbili hazigombani.

Kwanini sio 3200? Prosesa yako. i5-7500 ni ya 2017 na kwenye DDR4 mwisho wake 2400, hata uitoe ile ya zamani uache mpya peke yake bado utaona 2400. Na hata ingekuwa na uwezo, ukichanganya ram zote zinafuata kasi ya ile ya chini. Kuna mtu atakwambia ingia baiosi (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) uwashe XMP, swichi ya kuipa ram kasi yake kamili, hiyo ni kweli kwa mashine za kuunga zenye ram za gemu, zile usipoiwasha zinajiendea zao 2133 au 2666, ila hizi Dell za ofisini kwa kawaida hiyo kitu hazina, usikeshe unaitafuta.

Kujua kama muuzaji kakupa 3200 kweli, soma stika: PC4-25600 au PC4-3200 ndo yenyewe (25600 gawa kwa 8). Stika inabandikwa na yeyote lakini, so fungua tabu (kichupo) ya SPD kwenye CPU-Z, yaani taarifa za ram zilizohifadhiwa ndani yake, chagua sloti ya ram mpya, pale inasoma chipu yenyewe.

Kinachokuhusu zaidi we mtu wa video ni pale kwenye tabu ya Memory palipoandikwa Channel. Ikisema Dual (au 2 x 64-bit) safi, ram mbili zinapitisha data kwa pamoja, ikisema Single (au 1 x 64-bit) zima mashine, chomoa waya wa umeme kabisa, hamishia ram moja sloti nyingine uwashe uangalie tena. Ikigoma kuwaka usipanik, futa vile vimeno vya dhahabu kwa raba ya penseli, pangusa mabaki, rudisha mpaka vibanio vilie ta!