Farasi walikuwepo, mbung'o wakawamaliza

Umeuliza kwa nini Waingereza, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia huku kwetu Afrika Mashariki, waliwabebesha watu mizigo badala ya farasi na punda. Walijaribu, ndugu. Mwaka 1916 wanyama waliletwa kwa maelfu, wengi kutoka Afrika Kusini, lakini porini mbung'o walikuwa wanawasubiri. Farasi akishapata nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, anashikwa homa, anakonda mpaka mbavu zinahesabika, mwisho anaanguka njiani. Hata punda, pamoja na ugumu wake wote, alikufa. Mzigo ukazidi kuhamia kichwani mwa mpagazi, na wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara damu na maradhi mengine kuliko risasi.