Mistari iliyofichwa haijafutwa: nilivyoanza kuchuja jedwali la stoo kwa skripti

Jumamosi moja jioni, hapa Busia upande wa Uganda, kina mama wanaochambua mahindi stooni kwetu walikuwa wamepanga foleni ya malipo. Mmoja wao, mtu mzima wa makamo ya mama yangu, alisikiliza majina mpaka mwisho kisha akanisogelea taratibu: "Mwanangu, wiki hii nimechambua magunia arobaini. Mbona jina langu halimo?"

Halikuwemo kweli, wala si lake peke yake. Asubuhi hiyo mwenzangu alikuwa amechuja jedwali letu la Google Sheets ili aone shehena zenye unyevu mwingi, akamaliza kazi yake akaondoka, chujio likabaki palepale. Mimi nikaja mchana, nikanakili orodha ya wachambuzi na kuibandika kwenye karatasi ya malipo. Ukinakili jedwali lililochujwa, kinachobandikwa ni mistari inayoonekana tu. Mama huyo alikuwa amechambua mahindi makavu, na mistari ya mahindi makavu ilikuwa imefichwa. Tulirekebisha palepale na akalipwa, lakini aibu ile sijaisahau. Mtu amevuja jasho wiki nzima, halafu anaambiwa hayumo.

Kwa hiyo, ukitunza hesabu za watu kwenye jedwali mnalolitumia wengi, fahamu hili kwanza: chujio la kawaida si la mtu mmoja. Ukiliweka wewe, kila aliyefungua jedwali lile anaona ulichokiacha. Karatasi moja hubeba chujio moja tu la aina hiyo. Na fomula ya SUM itaendelea kujumlisha hata mistari iliyofichwa, kwa hiyo jumla haitalingana na unachokiona. Ukitaka jumla ya mistari iliyobaki baada ya kuchuja, tumia SUBTOTAL.

Kwetu sisi kuchuja ni kazi ya kila siku. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, na ilipofungua tena baada ya siku chache iliweka masharti, pamoja na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango cha Afrika Mashariki cha unyevu ni asilimia 13.5. Gunia likizidi hapo hulipeleki mpakani, unalirudisha kwenye turubai likauke. Ndiyo maana kila asubuhi lazima tujue ni shehena zipi bado mbichi, na ndiyo maana niliamua kazi hiyo ifanywe na skripti, yaani maagizo mafupi ambayo kompyuta inayafuata yenyewe, ifanyike vilevile kila siku bila kutegemea nani kaamka na nini kichwani.

Kwenye jedwali nenda menyu ya viendelezi, fungua Apps Script, ndiko skripti zinakoandikwa, kisha weka hii:

function onyeshaMbichi() {
  const karatasi = SpreadsheetApp.getActive().getSheetByName('Stoo');
  const lililopo = karatasi.getFilter();
  if (lililopo) lililopo.remove();
  const chujio = karatasi.getDataRange().createFilter();
  const sharti = SpreadsheetApp.newFilterCriteria()
    .whenNumberGreaterThan(13.5)
    .build();
  chujio.setColumnFilterCriteria(5, sharti);
}

Mistari miwili ya lililopo usiiruke. Skripti ikikuta chujio lingine tayari limewekwa, createFilter inagoma na kazi inakatika. Kuliondoa la zamani na kuweka jipya kuna faida nyingine pia: chujio halijipangi upya lenyewe namba zinapobadilika, kwa hiyo shehena iliyopimwa tena saa nne itaendelea kuonekana au kufichwa kwa kufuata kipimo cha saa mbili mpaka mtu achuje tena.

Ile 5 ni safu E, yaani unyevu. Inahesabiwa kuanzia safu A ya karatasi nzima, hata kama data yako inaanzia C. Siku mtu akiongeza safu katikati, skripti itachuja magunia badala ya unyevu na haitalalamika. Mimi sasa naiacha isome vichwa vya safu, itafute neno "Unyevu", ndipo ijue namba. Ni mistari miwili zaidi, nayo imenipa usingizi.

Lakini kilichonisumbua kuliko vyote hakikuwa skripti. Vijana wa mizani walikuwa wanaandika kila mtu kwa mtindo wake: huyu 14.2, yule 14.2%, mwingine "14.2 kipimo cha pili". Kwa jedwali hivyo ni vitu vitatu tofauti. 14.2% inahifadhiwa kama 0.142, na 0.142 haizidi 13.5, kwa hiyo mahindi mabichi yanapita kama makavu! Yenye maneno ni maandishi, hayahesabiwi kama namba. Skripti inafanya ulichoiambia, na matokeo yanapendeza kwa macho, huku gunia bichi limeshapakiwa. Kabla ya kuandika skripti yoyote, weka kanuni ya kuthibitisha data kwenye safu ile: namba tu, kati ya 8 na 30, vinginevyo ikataliwe. Kaa pia na wanaopima, uwaeleze sababu. Mimi nilikaa nao nusu saa tu, na tangu hapo wananisahihisha wao.

Jambo la simu nalo. Nilitengeneza menyu nzuri yenye vitufe viwili, nikafurahi, kumbe nusu yetu tunafungua jedwali kwa simu, na programu ya simu haionyeshi menyu za Apps Script. Nikaongeza karatasi iitwayo Vitufe yenye kisanduku cha tiki kwenye B2. Ukitia tiki, inachuja. Ukiitoa, chujio linaondoka.

function onEdit(e) {
  if (e.range.getSheet().getName() !== 'Vitufe') return;
  if (e.range.getA1Notation() !== 'B2') return;
  if (e.range.isChecked()) onyeshaMbichi();
  else ondoaChujio();
}

ondoaChujio ni function yenye ile mistari mitatu ya mwanzo iliyo ndani ya mabano ya skripti ya kwanza, basi. Sasa mzee wetu akiwa Iganga ananunua mahindi, anatia tiki kwa simu yake, na sisi huku tunaona shehena za kuanika.

Malipo ya Jumamosi nimeyatoa kabisa kwenye kunakili kwa mkono. Skripti nyingine inasoma karatasi ya Stoo kwa getValues, ambayo huchukua mistari yote, iliyofichwa na inayoonekana, kisha inajumlisha magunia kwa kila jina. Orodha hiyo naichapisha Ijumaa usiku na kuibandika mlangoni, ili kila mama ahakiki lake kabla ya fedha kutoka. Yule mama huja mapema kuliko wote, anapitisha kidole kwenye orodha, na akilikuta jina lake ananigeukia: "Nipo."