Neema Niionayo Getini

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Unaitambuaje neema ya Mungu katika maisha yako ya kila siku?" Mimi huuza chai na mandazi Industrial Area, eneo la viwanda jijini Nairobi, kando ya barabara ya Lunga Lunga, na swali hilo hulikuta mbele ya kibanda changu kila asubuhi.

Kabla hakujapambazuka, vibarua huwa wamejaa mageti ya viwanda, wengi wametembea kwa miguu kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru. Fomeni hutoka akanyoosha kidole: wewe, wewe na wewe. Waliochaguliwa huingia. Waliobaki husubiri labda geti litafunguliwa tena, na jua likishapanda hurudi nyumbani mikono mitupu.

Jumapili kanisani, aliyechaguliwa husimama: "Bwana asifiwe! Ni kwa neema tu nimepata kazi." Sote huitikia amina, na ni haki, maana riziki hutoka kwa Mungu. Lakini aliyeachwa getini ameketi benchi la nyuma, naye alifunga na kuomba vilevile. Tumwambie nini? Kwamba neema ilimpita? Nasema kwa uchungu: tumeifanya neema kuwa jina jingine la kufanikiwa.

Paulo alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba mwilini, na haukuondoka. Jibu alilopewa ni "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:9). Maneno hayo tunayoyabandika kwenye matatu na kuta za sebuleni aliambiwa mtu aliyenyimwa alichoomba.

Kisha kuna ule mfano wa Mathayo 20. Mwenye shamba anatoka alfajiri kutafuta wafanyakazi, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na hata saa kumi na moja jioni anawakuta watu wamesimama tu, hakuna aliyewaajiri. Wakati wa malipo kila mmoja anapata dinari moja, ujira wa kutwa nzima, na walioanza alfajiri wananung'unika. Ukiwasomea vibarua mfano huo hawahitaji mhubiri. Wanaijua saa kumi na moja: hakuna tena wa kuja kukuita, na nyumbani watoto watauliza umeleta nini. Wanaonung'unika ni sisi tulioingia mapema, tunaodhani kazi tuliipata kwa kuomba vizuri kuliko wenzetu.

Basi mimi naitambua neema kwa kile inachomfanya mtu awe. Tito 2:11-12 inasema neema hutufundisha, na nimewaona wanafunzi wake. Kijana aliyepata kibarua jana na kukosa leo huja akaagiza chai, kisha humtazama mwenzake aliyekaa kando bila kununua kitu. "Mathe, mhesabie na huyu. Mwekee na mandazi mawili." Mara nyingine hata jina lake halijui. Ushuhuda wa namna hiyo sijausikia ukitolewa madhabahuni, na ningependa sana kuusikia.

Kwa hiyo nimeomba, katika ushirika wetu wa akina mama wa Alhamisi, tubadilishe utaratibu wa shuhuda. Aliyepata ashukuru kama kawaida, lakini tumpe nafasi pia aliyeomba akakosa, atueleze Bwana anamshikiliaje na sisi tumsaidie vipi. Viongozi wamekubali tujaribu. Wa kwanza kuzungumza atakuwa mama ambaye mwanawe bado anasimama kwenye geti hilohilo, akisubiri kuitwa.