Kabla hujamsimamisha Jefferson: kwa wanaoanza mchezo wa Marekani ya 1789

Karibuni. Kwa ambao bado hamjaonja: kila mchezaji anashika kundi la wanasiasa, anawasimamisha kwenye uchaguzi, anawatafutia vyeo, anapitisha miswada au kuikwamisha. Zamu moja ni miaka miwili. Kanuni ni ndefu na najua hamtazisoma, maana hata mimi sikuzisoma. Basi chukueni haya niliyoyalipia kwa kushindwa.

Mgeni akiingia huwa anacheza Marekani ya kwenye televisheni. Anamwaga fedha zake zote kwenye mikutano ya hadhara ili mtu wake awe seneta. Zimepotea. Maseneta wa enzi hizo walichaguliwa na mabaraza ya kutunga sheria ya majimbo, na wananchi hawakuanza kuwachagua mpaka Katiba iliporekebishwa mwaka 1913. Ukitaka Seneti, kanunue urafiki kwenye baraza la jimbo. Wakati mwingine hata urais unapatikana humohumo. Mwaka 1800 baraza la New York ndilo lililoteua wajumbe 12 wa kumchagua rais. Aaron Burr, mwanasiasa wa New York wa chama kimoja na mgombea urais Thomas Jefferson, alilijua hilo, akahangaika na uchaguzi wa baraza jijini New York mapema mwaka ule, na wajumbe wote 12 wakaangukia upande wa Jefferson.

Sasa mtego wenyewe, na hapa naomba msome polepole.

Kwa kanuni za enzi hizo, kila mjumbe ana kura mbili za urais, na hakuna mahali pa kuonyesha ipi ni ya rais na ipi ya makamu. Anayeongoza anakuwa rais, anayemfuata anakuwa makamu. Ndivyo John Adams alivyopata kura 71 mwaka 1796 akajikuta na mpinzani wake Jefferson, mwenye 68, kama makamu. Kwa hiyo chama chenye akili humtafuta mjumbe mmoja aitupe kura yake ya pili pembeni, ili mgombea urais wao asitoke sare na mwenza wake. Watu wa Adams walifanya hivyo mwaka 1800: yeye 65, mgombea mwenza 64, na kura moja kwa John Jay ambaye hakuwa hata kwenye mbio. Watu wa Jefferson hawakufanya. Jefferson 73, mwenza wake Burr 73.

Mimi nilishika upande wa Jefferson nikiwa najua historia hii yote, nikajiona mjanja. Nikamwambia mwenzangu wa chama atupe kura moja. Akanijibu, “Usihofu, nimeshapanga.” Hakuwa amepanga kitu. Tukatoka sare, uamuzi ukaenda Bunge la Wawakilishi, ambako kila jimbo lina kura moja na wapinzani wetu walikuwa wamejaa tele. Majimbo yalikuwa 16, zinatakiwa kura 9. Katika historia iliwachukua duru 36 za kura kumpata Jefferson. Sisi tulibishana siku tatu, nikagawa Wizara ya Fedha kwa mtu nisiyempenda, na bado nikaishia kuwa makamu wa Burr.

Ningefanya nini? Ningeanza na Delaware. Ilikuwa na mbunge mmoja tu, James Bayard, na kwenye kura ya namna ile yeye peke yake alikuwa na uzito sawa na Virginia nzima. Vijimbo hivi vidogo hakuna anayevigombania zamu za mwanzo. Vichukueni vikiwa bei rahisi.

Kuhusu mapatano: mtu asiye na kura za kutosha ndiye anayelipa kwanza. Mwaka 1790 Waziri wa Fedha, Alexander Hamilton, alitaka serikali kuu ibebe madeni ya majimbo, na Bunge likawa limeshamkatalia. Watu wa kusini walitaka mji mkuu ujengwe kando ya mto Potomac. Waliafikiana, lakini angalieni mpangilio: sheria ya mji mkuu ilisainiwa Julai, ya madeni ikafuata Agosti. Mkipewa ahadi tupu, pokeeni chenu kabla hamjatoa chao. Mikataba na nchi za nje ni kazi nyingine, inataka theluthi mbili ya Seneti. Ule wa Jay na Uingereza ulipita mwaka 1795 kwa 20 dhidi ya 10, yaani bila hata kura moja ya ziada.

Kuna jambo mtaliona kwenye skrini kama tarakimu tu: Virginia inaanza ikiwa na nguvu kuliko wote. Sehemu ya nguvu hiyo ni watumwa, zaidi ya 290,000 katika sensa ya 1790, ambao kila watano walihesabiwa kama watu watatu katika kugawa viti vya Bunge, na viti ndivyo vinavyozaa wajumbe. Wao wenyewe hawakuwa na kura. Nimeishika Virginia mara mbili nikashinda zote, na sijawahi kujisifia ushindi ule.

La mwisho ni la usingizi. Wengi wa wachezaji wako mashariki mwa Marekani, wanakaa mezani saa moja jioni kwao. Dar au Nairobi hiyo ni saa nane usiku, na majira ya baridi kwao inakuwa saa tisa. Msikeshe. Acheni maagizo kabla ya kulala: miswada ipi mnaiunga mkono, nani apewe kura zenu duru ya kwanza, nani duru ya pili. Na kama ni uchaguzi wa rais, andikeni jina la mjumbe atakayetupa ile kura.