Vifaa vya kuvulia besi Naivasha: anza na mshipi na ndoana, vyambo baadaye

Ndugu uliyeuliza kutoka Nakuru, swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu mwaka 2013 nilikuwa papo hapo ulipo leo. Umesema una shilingi 20,000, unataka kwenda Ziwa Naivasha na kijana wako kuvua samaki aitwaye besi, na muuzaji mmoja amekuonyesha fimbo nene ya futi 9, waya wa chuma wa kufungia ndoana, na sanduku la vyambo bandia 40. Unauliza kama hivyo ndivyo vifaa vyenyewe. Sivyo. Usitoe pesa bado.

Fimbo kama ile inamfaa anayevua mbuta Ziwa Victoria. Waya nao ni wa mtu anayemtafuta nguru kule Watamu au Shimoni, maana nguru ana meno yanayokata mshipi kama mkasi. Besi hana meno hayo. Mdomoni ana vijimeno vidogo sana, ukipitisha kidole unahisi kama msasa, ndiyo sababu tunamshika kwa kumtia kidole gumba kwenye mdomo wa chini na hatuumii. Ukimfungia waya, chambo kinakuwa kizito na hakichezi majini inavyotakiwa.

Kabla ya duka, mjue samaki mwenyewe. Besi si mwenyeji wa Naivasha. Aliletwa mwaka 1929, asili yake Marekani, kwa ajili ya watu wanaovua kwa starehe. Ni yule wa mdomo mkubwa, ambaye ukimtazama kwa ubavu pembe ya mdomo wake inapita nyuma ya jicho. Hana tabia ya kukimbiza windo ziwa zima. Anakaa kivulini kando ya kitu fulani, iwe shina la mafunjo, ukingo wa magugumaji au mti uliozama, anangoja kinachopita, kisha anaufungua mdomo ghafla na maji yanaingia pamoja na windo. Kwa hiyo chambo chako lazima kiingie penye vikwazo, na samaki akishashika huna budi kumtoa pale pale kabla hajazunguka shina. Kila kifaa nitakachokutajia nimekichagua kwa sababu hiyo moja.

Na vikwazo vimeongezeka. Maji ya Naivasha yamepanda sana tangu miaka ya 2010, na mwaka 2020 yaliwafikia watu majumbani kule Kihoto. Migunga iliyokuwa nchi kavu sasa imesimama mikavu ndani ya ziwa, na chini ya maji kuna nyua za zamani, nguzo na seng'enge zake, ambazo huzioni mpaka zikushike. Mwaka huo huo nilimpoteza besi mkubwa kuliko wote niliowahi kuwagusa. Nilikuwa natumia mshipi wa nailoni unaohimili uzito wa ratili 8, uliokaa miaka miwili kwenye rili, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Alikishika chambo karibu na mgunga mmoja, akazama, akazunguka. Nilisikia mshipi ukikwaruza kitu, halafu ukalegea. Mzee mwenye mashua alichukua ncha ya mshipi wangu, akaipitisha taratibu katikati ya midomo yake, akanirudishia. "Huu ulikufa zamani," aliniambia, "wewe tu ndiye ulikuwa hujui." Nilipoupitisha mdomoni mwangu nikahisi mikwaruzo kama kamba ya katani. Tangu siku hiyo, kila baada ya samaki na kila baada ya kunasa, naupitisha futi mbili za mwisho midomoni. Ukikwaruza, nakata na kufunga upya.

Ndiyo maana nakwambia uanze na mshipi. Utakuta aina tatu dukani. Nailoni ya kawaida ni rahisi, ina mvutiko, na haizami upesi, kwa hiyo inafaa kwa chambo cha juu ya maji. Ubaya wake ni kwamba jua linaichosha, na ule mvutiko unakunyima nguvu pale unapotaka kumng'oa samaki kwenye mafunjo. Florokaboni inazama na inastahimili mikwaruzo, lakini ni ngumu na kwenye rili ndogo inapenda kuruka yenyewe kama springi. Wa tatu ni mshipi wa kusukwa. Huo ni mwembamba kuliko nguvu yake, hauvutiki karibu hata kidogo, na unapita kwenye majani kama msumeno. Udhaifu wake uko kwenye vitu vikali: jiwe au seng'enge huukata haraka.

Mimi nachanganya. Kwenye rili natia mshipi wa kusukwa wa ratili 30, na mwisho wake naunga kipande cha florokaboni cha ratili 15, chenye urefu kama mkono wako kuanzia bega hadi ncha za vidole. Ule wa kusukwa unakata majani, florokaboni inavumilia miti na nyaya. Kasha litaonyesha ratili kwa herufi lb, usije ukachukulia kuwa ni kilo. Jambo moja wauzaji hawalisemi: mshipi wa kusukwa ukiufunga moja kwa moja kwenye rili unateleza na kuzunguka wote bila kukamata. Anza na mizunguko kama kumi ya nailoni, kisha unga wa kusukwa juu yake. Jaza rili mpaka ibaki milimita mbili hivi kufika ukingoni. Ukijaza kupita hapo mshipi unatoka mafungu mafungu, ukipunguza sana haufiki mbali.

Fundo ninalolitumia mwishoni linaitwa Palomar. Kunja mshipi uwe mara mbili, upitishe ukiwa umekunjwa hivyo kwenye tundu la ndoana, fanya fundo la kawaida bila kukaza, kisha ipitishe ndoana nzima ndani ya kile kitanzi kilichobaki. Lowesha kwa mate, ndipo ukaze. Usikaze pakavu, joto la msuguano linaudhoofisha mshipi palepale kwenye fundo.

Sasa fimbo. Tafuta ya futi 6 na nusu mpaka 7, iliyoandikwa MH karibu na mpini, yaani nguvu yake iko kati lakini inaelekea kwenye uzito. Iwe inapinda sehemu ya juu tu. Ijaribu pale pale dukani: mwombe mtu ashike ncha, wewe vuta mpini polepole. Ikipinda theluthi ya juu na chini ikabaki imara, hiyo ni yako. Ikipinda yote kama upinde, iache, maana haitakupa nguvu ya kuipenyeza ndoana kwenye mdomo mgumu wa besi. Ya grafaiti ni nyepesi na unahisi kila kinachogusa chambo, lakini ukiigonga kwenye mlango wa matatu inaweza kuvunjika. Kwa kuwa unasafiri na kijana, nunua ya vipande viwili, na uitengenezee ala ya bomba la plastiki la mafundi wa maji. Pitisha pia pamba ndani ya kila pete ya fimbo. Nyuzi za pamba zikinasa, pete ina ufa, na pete yenye ufa itakula mshipi wako wote.

Kuhusu rili sitakawia. Chukua ile inayoning'inia chini ya fimbo, saizi 2500 au 3000. Ile ya kukaa juu, ambayo kigurudumu chake chenyewe kinazunguka unaporusha, inalenga vizuri sana, lakini usipojua kuizuia kwa kidole gumba mshipi unajisokota mpaka ukate kwa kisu, na siku ya kwanza ya kijana wako itaisha kwa machozi. Kitu cha kukagua ni breki. Vuta mshipi kwa mkono huku umefungua breki kidogo: utoke laini, bila kushikashika. Breki mbovu ndiyo inayokata mishipi mizuri.

Ndoana. Hapa usibane pesa. Kwa chambo laini cha plastiki nunua ndoana zilizopinda shingoni, saizi 3/0 na 4/0, pakiti moja moja, za kampuni unayoiamini. Ijaribu ncha kwa kuiweka juu ya ukucha na kuivuta bila kukandamiza. Ikishika ukucha ni kali, ikiteleza irudishe.

Tuje kwenye lile sanduku la vyambo 40. Mtu aliyemvua besi wa rekodi, George Perry, kule Georgia tarehe 2 Juni 1932, alimpata wa ratili 22 na wakia 4, na inasimuliwa kwamba yeye na mwenzake walikuwa na chambo bandia kimoja tu cha kutumia siku ile. Rekodi hiyo ilikuja kufikiwa miaka 77 baadaye, mwaka 2009, Ziwa Biwa nchini Japani. Wewe na kijana wako mnahitaji aina tatu.

Ya kwanza, na ningekuwa na moja tu ningeichukua hii, ni kamba wa plastiki laini. Nasema kamba yule mwenye magando. Kamba wekundu kutoka Louisiana waliingizwa Naivasha mwaka 1970 na wakawa chakula kikubwa cha besi. Ukimpasua besi tumboni unaweza kukuta vipande vya gamba jekundu. Sasa zingatia jambo hili: kamba akishtuka anakimbia kinyumenyume, mkia mbele, magando yakifuata nyuma. Wengi wanamfunga kichwa kikiwa upande wa mshipi, na hivyo anaogelea kinyume na maumbile yake. Mkia ndio ukae upande wa mshipi. Tanguliza chubwi, yaani kile kizito cha kuzamishia chambo, lenye umbo la risasi, la gramu 7 hadi 10, liteleze kwenye mshipi juu ya ndoana, kisha ifiche ncha ya ndoana ndani ya plastiki ili isinase kwenye mafunjo. Mwache atue chini kabisa. Mnyanyue kidogo, mwache tena. Ukihisi mguso mmoja mfupi kama mtu amebisha kwa kidole, kaza mshipi, vuta fimbo juu kwa nguvu, na usimpe nafasi. Maji ya Naivasha mara nyingi ni ya tope, kwa hiyo chukua rangi nzito zinazojichora vizuri: nyeusi, buluu iliyokolea, kahawia yenye wekundu. Zile za kung'aa na waridi ziache zipambe duka.

Ya pili ni kile chambo cha waya uliopinda kama herufi V, chenye mabapa madogo ya chuma yanayozunguka. Gramu 10 zinatosha. Katika tope besi anahisi mtikisiko kwa ule mstari wa ubavuni kabla hajaona kitu, na mabapa yale yanamwita kutoka mbali. Waya wa juu pia unaikinga ndoana isinase kwenye miti. Rusha kupita mti, vuta polepole kiasi cha kuyahisi mabapa yakipiga kwenye mpini.

Ya tatu ni chambo cha juu ya maji, kwa saa moja ya kwanza ya asubuhi ziwa likiwa limetulia. Huu ndio uvuvi ninaoupenda kuliko wote, na ndio utakaomfanya kijana wako arudi. Mwambie tu asivute anapoona maji yamepasuka. Angoje mpaka ahisi uzito.

Vile vyambo vya mdomo wa plastiki vinavyopiga mbizi na ndoana za pembe tatu, viache kwa sasa. Ni vizuri kwenye maji yaliyo wazi, lakini penye seng'enge utaviacha huko huko.

Kwa hiyo pesa zako ningezigawa hivi: elfu 12 kwa fimbo na rili, elfu 3 kwa mshipi na florokaboni, elfu 3 kwa ndoana, machubwi na vyambo, na zilizobaki koleo ndefu ya kung'olea ndoana na mkasi unaokata mshipi wa kusukwa. Nauli, mashua na leseni viweke kando. Leseni iulizie ofisi ya uvuvi mapema, usingoje uulizwe majini.

Msivue mkiwa mmesimama ufukweni alfajiri au jioni. Viboko wanapita hapo, na kiboko hana mchezo. Kodi mashua yenye mwendeshaji anayelijua ziwa, nyote wawili mvae majaketi ya kuokolea, na mpange kurudi kabla ya upepo wa alasiri. Ule upepo unainua mawimbi kwa muda mfupi sana.

Kabla ya safari, nendeni uwanjani jioni mbili tatu. Fungeni chubwi bila ndoana, wekeni beseni hatua 15 mbele, na kijana arushe mpaka mkono uzoee. Akianza kuliangusha chubwi ndani ya beseni mara tatu kati ya kumi, niandikie hapa, nitakuelekeza sehemu za kuanzia kulingana na maji yalivyo wiki hiyo.