Mkaazi wa Texas asiye na hata leseni ya Texas

Kila kiangazi, PCS (amri za kuhamishwa kituo) zikianza kumiminika, nasikia wimbo uleule kwa vijana wetu wa jeshi la Marekani waliotoka kozi juzi: "Mzee, nimeshajaza Texas, sikatwi tena kodi ya jimbo." Ni kweli Texas haina kodi ya mapato, lakini unaishi Texas? Hapana. Leseni ya wapi? North Carolina. Gari je? North Carolina, kwa jina la shemeji. Haya, sogeeni tuongee, maana nimechoka kuwasindikiza watu JAG (ofisi ya wanasheria wa jeshi) maji yakiwa yameshamwagika.

1. HOR (home of record) si ukaazi. HOR ni pale ulipoingilia jeshini, na kazi yake kubwa ni kupiga hesabu ya safari yako siku ukitoka. Ukaazi wa kisheria ndio unaoamua jimbo gani litakukata kodi ya mapato, na hubadilishwa kwa DD 2058, fomu ya kutangaza jimbo lako la ukaazi. BAH, posho ya nyumba, inafuata kituo chako cha kazi, haihusiki hapa. Msiniulize tena.

2. Fomu peke yake haikupi ukaazi. Kwa SCRA ya 2003, sheria ya kuwalinda wanajeshi, kuhamishwa na jeshi hakukunyang'anyi ukaazi wako wala hakukupi mwingine. Ili Texas (au Florida au Tennessee, zisizo na kodi hiyo pia) iwe kwenu, lazima uwe umefika na kukaa pale, na uwe na nia ya kweli ya kupafanya makao. Nia inasomwa kwenye leseni, namba za gari, anwani ya benki, wosia.

Hayo nayajua kwa sababu niliwahi kuwa mjuaji kama ninyi. Nilikuwa kozi ya matabibu Fort Sam Houston, San Antonio, mwenzangu mmoja wa bwenini akaniambia mjinga ndiye anayelipa kodi ya jimbo. Nikajaza fomu. LES (karatasi ya mshahara) iliyofuata, mstari wa kodi ya jimbo ukasoma sifuri, nikaupiga picha nikamtumia kaka yangu Nakuru, nikijiona mchumi. Sasa angalia nilichoacha nyuma: leseni ya jimbo la zamani, namba za gari za huko, mkataba wa nyumba kwa jina langu, na mama watoto yuko chuo cha pale analipa ada ya mkaazi, kwa karatasi niliyoisaini mwenyewe kwamba familia yetu ni ya hapo. Kozi ikaisha, nikapelekwa Fort Campbell; Texas sikuirudia hata kwa matembezi.

Barua ya kodi ikaenda kwenye ile nyumba. Mke wangu akaifungua, akaipiga picha, akanitumia bila neno, hata salamu hakuna. Swali la watu wa kodi wa jimbo la zamani lilikuwa dogo tu: una nini Texas? Nikapekua begi zima. Cha Texas nilichokuwa nacho ni risiti ya kofia ya kauboi. Nikalipa kodi yote ya nyuma, riba na faini juu yake, na pesa zenyewe zilikuwa za mabati ya nyumba ya mama. Kumpigia mama kumwambia fundi asubiri ndiko kulikoniuma. Nikasingizia bei ya dola, naye akaniombea dola ipone.

3. Wenye grini kadi, hili ni lenu. Wazawa wanashauriana wajiandikishe kupiga kura ili kuthibitisha ukaazi. Ninyi si raia bado, msithubutu. Ukienda DMV (ofisi ya leseni za udereva) kuchukua leseni mpya utaulizwa kama unataka kusajiliwa mpiga kura, na karani ana haraka. Kijana mmoja wa Eldoret alitia alama kila kisanduku, kama mtu anayejaza fomu ya shule, akaja kukutana na swali hilo kwenye N-400 yake, fomu ya kuomba uraia. Uraia ambao jeshi lingemrahisishia ukageuka shughuli ya wakili. Someni kisanduku kwa kisanduku, hata foleni ikinung'unika nyuma yenu.

4. Mke au mume. MSRRA ya 2009, sheria ya ukaazi wa wenzi wa wanajeshi, ilianza kumlinda, 2018 ikaruhusu achague jimbo la mwanajeshi hata kama hajawahi kuishi huko, na tangu sheria iliyosainiwa Januari 2023 mnaweza kuchagua, kwa ajili ya kodi, jimbo lako, lake, au la kituo mlichopangiwa. Lakini mwajiri wake hasomi mawazo. Ajaze fomu ya jimbo la kazi, kama VA-4 Virginia au MW507 Maryland, la sivyo atakatwa na mtaanza kudai marejesho.

5. Uber ya wikendi inalipiwa kodi pale unapoendesha. Kinga ya mwanajeshi ni ya mshahara wa jeshi. Nyumba ya kupangisha nayo, kodi ya mapato yake iko pale ilipo nyumba.

6. Msihame jimbo kwa sababu ya ada. Ukiwa na amri ya kituo kwa zaidi ya siku 30, wewe, mwenzi na watoto mnalipa ada ya mkaazi kwenye vyuo vya umma vya jimbo hilo. Na Hazlewood ya Texas, msamaha wa ada ya chuo kwa waliotumikia jeshi, inaangalia ulivyoingia jeshini. Wewe uliyeapa Minneapolis ukiwa mkaazi wa huko, zile saa 150 za masomo zisahau.

JAG ni bure. Nendeni na LES, leseni, kadi ya gari na mkataba wa nyumba kabla ya kugusa DD 2058, na mkiwa mmeoana nendeni wawili.