Mafuta ya karafuu na mba wa mgongoni

SWALI: Shikamoo mfamasia. Nina mabaka meupe kifuani na mgongoni, hospitali wamesema ni mba. Nilisikia mafuta ya karafuu yanaua fangasi, basi kila usiku najipaka nikiyachanganya na ya nazi. Wiki ya tatu sasa, mabaka yanaenea na ngozi inawasha. Karafuu ni uongo? – Msomaji, Chake Chake

JIBU: Marahaba. Karafuu si uongo, ila nazi ndiyo inayonitia shaka zaidi.

Mba huo unaletwa na Malassezia, fangasi wa jamii ya hamira anayeishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima. Hawezi kujitengenezea asidi za mafuta, hula zile za ngozi yako. Maabara wakitaka kumwotesha humwekea mafuta ya zeituni. Sasa wewe unampaka dawa na chakula kwa mkono mmoja.

Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yanayotoka kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) hapo Wawi, kweli huharibu utando wa seli za fangasi. Lakini hiyo ni kwenye kisahani cha maabara. Ngozini, kipimo kikali huunguza kabla hujapona, na huenda huko kuwashwa ni yujenoli tu. Kwa ngozi usizidishe asilimia 0.5, yaani kama matone 3 katika mililita 30. Kwa kiasi hicho, mimi nisingeitegemea kama tiba.

Mafuta ya asili yenye ushahidi mzuri kidogo ni ya mti-chai wa Australia. Mwaka 2002 watu 126 wenye mba wa kichwani walijaribiwa: shampuu yenye asilimia 5 ya mafuta hayo ilipunguza mba kwa asilimia 41, isiyo na dawa kwa 11. Angalia, ilikuwa shampuu, inayosuuzwa, tena ya kichwani.

Acha mchanganyiko wako. Ngozi ikitulia, nunua shampuu ya ketokonazo ya asilimia 2, paka kifuani, mgongoni na mabegani, subiri dakika 5, suuza. Mara moja kwa siku, siku 5. Weupe utabaki hata miezi, usiongeze dawa kwa ajili yake. Kwangua baka kwa ukucha: kama halitoi unga, fangasi amekwisha.

Ila baka lisilosikia hata ukiligusa kwa pamba, hilo si la duka la dawa. Rudi hospitali ukapimwe ukoma.